Dorika wa Katikati ya Mstari

Kijiji cha Mwabutondo, kule nyuma ya Masumbwe, kina mwenyekiti, kina katekista, kina mganga mmoja mwenye leseni na watatu wa kujitolea. Mpaka mwaka 2014 hakikuwa na mtu wa katikati. Cheo hicho alikileta Otmar.

Otmar alikuwa kijana wa mradi wa utafiti, mwenye fulana ya wafadhili na kishikwambi ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa amepita kwenye kaya thelathini na moja akiuliza mambo ambayo hata padri haulizi: mmeuza nini, mmekula nini, nani kawatumia kitu na kwa nini. Baadaye akarudi kutoa mrejesho, maana siku hizi wafadhili wanataka mtu akishanyolewa aonyeshwe kioo.

"Tumepata kipato cha kaya ya katikati," akawaambia watu uwanjani.

"Yaani wastani," akadakia Bartholomeo, mwenyekiti wa kijiji, ambaye hapendi mgeni amalize sentensi peke yake.

"Siyo, mwenyekiti. Ukichukua wastani wa Mageni, na karasha lake la kusagia mawe ya dhahabu, na mimi nisiye na kitu, kwenye karatasi kila mmoja ana nusu karasha. Nikifika nyumbani sina hata nyundo. Ya katikati ni nyingine. Unapanga kaya zote, maskini mpaka tajiri, halafu unatazama nani kasimama katikati."

Angenyamaza hapo, watu wangeenda zao na maisha yangekuwa mepesi. Lakini mzee mmoja akasema hajaelewa, na wengine waliokuwa hawajaelewa wakapata ujasiri. "Tupange basi tuone!" Vijana wa utafiti huapa kutunza siri za watu, ila walioandika kile kiapo hawakuwahi kusimama juani mbele ya kijiji kilichokwisha kunywa soda za mradi. Otmar akawapanga. Mageni akasimama kwenye goli la kaskazini, tumbo mbele kama spika wa bunge. Kwenye goli la kusini akasimama bibi mmoja mwenye kuku wawili, na mmoja alikuwa mgonjwa. Kwenye chokaa ya katikati ya uwanja wakaangukia Festo na mkewe Dorika, Mama Ignas. Kaya kumi na tano upande huu, kumi na tano upande ule.

Watu wakapiga makofi. Festo akainua mikono kama aliyefunga bao.

Tangu siku ile Dorika akawa kipimo. Ukifika mchango wa msiba au wa choo cha shule, watu waliuliza kwanza: "Mama Ignas katoa nini?" Aliyejiona juu yake aliongeza kidogo, aliyejiona chini alipunguza sana. Hata ugomvi wa ndoa ulimhusu. "Wewe mwanaume gani, hata kwa Dorika hatujafika!" Yeye mwenyewe alicheka tu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kwaya na mikono ya jembe, na cheo kisicho na posho hakikumpunguzia usingizi.

Festo alikuwa mkulima kipindi cha mvua na mwanaapolo kipindi kingine, kama wachimbaji wadogo wanavyojiita. Masika ya 2017 mvua ilizidi, udongo ukalowa, na matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za duara, shimo la dhahabu, yakaachia. Chini walikuwa watatu. Wawili walitolewa wazima, mmoja wao akiwa Bujiku, rafiki wa Festo aliyelima naye tangu wakiwa wavulana. Festo hakutolewa. Mwenye duara alisema maji yamejaa na kina kimezidi, akaleta greda la kukodi likasawazisha juu, na padri akaombea udongo akiwa amesimama juu ya udongo.

Nyuma ya nyumba ya Dorika kuna kaburi la baba yake Festo na la babu yake. Pembeni palibaki nafasi, na nafasi ikaota majani. Matanga yalikaliwa, lakini watu walikaa wakigeuka geuka, kama wageni ambao mwenye nyumba bado hajafika. Siku ya tatu wengine walikuwa wameshaondoka. Unamuagaje mtu ambaye hujaona miguu yake?

Ignas, mtoto wao pekee, akapanda gari kwenda Buseresere kuendesha bodaboda. Dorika akabaki na shamba.

Wasumbwa na Wasukuma wanabishana juu ya mengi, lakini hili wanakubaliana: jua likisimama utosini, shamba si lako. Lina wenyewe wasioonekana, wanaolitaka saa ile. Watu huchukua jembe wakaenda kukaa kivulini, wala hawaangalii nyuma. Msimu wa kwanza wa ujane wake Dorika alitoka hivyo, akaacha magugu yamemshinda, akarudi jua limepinda.

Matuta manne yalikuwa yamepaliliwa.

Magugu yalikuwa yamelazwa upande wa kushoto wa tuta, yote, mizizi juu. Hakuna aliyepalilia hivyo Mwabutondo nzima ila Festo. Wengine huyatupa yaangukie popote, mvua ikinyesha yanashika tena. "Gugu halina aibu," Festo alikuwa akisema. "Lazima ulionyeshe jua matako."

Dorika alisimama mwanzo wa tuta, ngozi ya mikono ikimsisimka juani. "Mwadila, Baba Ignas," akasema polepole, kama mke anavyomsalimu mumewe mchana. Mbele yake mahindi yakatikisika mstari mmoja tu, kama yanapitiwa katikati, kisha yakatulia. Upepo haukuwepo.

Kesho yake akaacha bakuli juu ya kichuguu kilichoko pembeni ya shamba: michembe, viazi vitamu vya kukausha, iliyopikwa na karanga za kutwanga. Jioni bakuli lilikuwa tupu, limegeuzwa kifudifudi ili kuku wasilipige midomo. Hakumwambia mtu. Ila jirani zake walisikia kwamba ameanza kuimba tena jikoni, na wakaona ni mapema mno.

Mwaka 2018 Otmar alirudi kwa awamu ya pili. Wakubwa zake walitaka kujua kipato cha kaya ya katikati kimesogea wapi. Watu hawakungoja kuambiwa, walijipanga wenyewe kutoka goli mpaka goli, na wakasukumana mpaka Otmar, akisoma kwenye kishikwambi chake, aliposema sasa ni sawa. Mjane ana mahali pake kwenye mstari. Kila mtu anapajua, ni kule karibu na bibi wa kuku. Dorika alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea huko, kwa adabu, Otmar akamwita.

"Mama Ignas, rudi. Bado uko kwenye chokaa."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Umewezaje, dada?" Limi, mke wa Bujiku, alimuuliza walipokuwa wakirudi. "Mimi nina mume mzima na nimesogea kusini."

"Nalima."

"Na nani?"

Dorika akatabasamu. Tabasamu lile lilitangulia kufika kilabuni kabla ya Limi mwenyewe.

"Ndagu ya utajiri naijua," alisema mmoja juu ya kopo la komoni. "Mganga anakwambia usioge, au lala chini ya kitanda cha mama yako. Hii ya kubaki katikati masharti yake nini?"

"Usicheke sana, usilie sana."

"Ana akili yule mama! Tajiri anaombwa kila siku. Maskini anasimangwa kila siku. Wa katikati nani anamkumbuka?"

"Haya, na shamba anamlimia nani?"

Kicheko kikafa. Kila mmoja alikuwa amekwisha kukumbuka kwamba Festo hakuonekana miguu. Neno msukule halikutamkwa siku ile. Lilikaa tu pale mezani, likanywa nao.

Miaka ikaenda. Watu walipita mbali na shamba la Dorika, na yeye hakuona ubaya, maana mume na mke wanahitaji faragha. Akila, alikula kidogo. Sukari aliiacha, chumvi akaipima kwa kucha. Lakini kila msimu matuta kadhaa yalijipalilia saa ile ya jua, na michembe ililiwa, na yeye akazungumza na mahindi habari za Ignas, kwamba amenunua viatu, kwamba hapigi simu.

Awamu ya tatu ilikuwa 2022. Otmar alikuwa ameota kitambi kidogo cha mkataba. Bartholomeo alimsindikiza mpaka uani kwa Dorika, kisha akakaa palepale kwenye kigoda, kwa sababu siri za kaya ni siri za mwenyekiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Mradi una virutubisho."

Wakacheka, wakapita maswali ya kuku na ya paa. Ndipo Otmar akasoma: "Msimu uliopita, nani alipalilia shamba la mahindi?"

"Mimi. Na Festo."

Otmar akainua macho. "Festo gani, mama?"

"Kwani unawajua wangapi?"

Akaandika. Kishikwambi kikakataa, kikasema mfanyakazi huyu hayumo kati ya wanakaya. Akajaribu kibarua, kikauliza amelipwa nini. "Michembe," akasema Dorika. Kikakataa michembe. Akajaribu marehemu, kikamwambia marehemu hana saa za kazi. Betri ilikuwa nyekundu na kaya nyingine zilikuwa zinamngoja. Kwa hiyo Otmar akafanya kile ambacho mwenye duara, greda na padri walishindwa: akamtoa Festo ardhini kwa kidole kimoja. Mwanaume. Mume wa mkuu wa kaya. Kazi yake kuu, kilimo.

"Umri?"

"Weka ule ule. Hazeeki."

Kishikwambi kikalia mlio wa kuridhika, kikaendelea na maswali. Bartholomeo akaiweka soda yake chini, haijaisha, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kabla ya magharibi Mwabutondo yote ilijua kwamba serikali imemwandika Festo kuwa anafanya kazi. Mradi haukuwa wa serikali, lakini huku kwetu chochote kinachouliza bila kununua ni serikali.

Siku tatu baadaye mstari ulipangwa, na Dorika akaangukia tena kwenye chokaa. Safari hii waliosimama kulia na kushoto kwake wote waliacha nafasi.

Sungusungu wakaitisha mkutano, na kila mtu alijua kinachotafutwa. Kutengwa. Uliyetengwa hupewi moto wala chumvi. Salamu yako haiitikiwi, mahindi yako hayanunuliwi, ukiugua hakuna anayesukuma baiskeli, na ukifa hakuna jembe litakaloinuliwa kukuchimbia. Ukisalimiana na aliyetengwa, unatengwa naye. Wanawake wa kisimani walianza mazoezi mapema. Dorika akifika na ndoo, wao walikuwa wameshateka, hata wale ambao ndoo zao zilikuwa tupu.

Otmar akamfuata, jasho likimtoka.

"Mama, kosa ni langu. Nitalifuta jina. Wewe sema tu hujui nani anapalilia."

"Ulimtoa mwenyewe, sasa unataka kumfukia tena?"

"Basi jifiche nyuma ya kichuguu saa sita, umwone ni nani. Mama, ni mtu! Lazima ni mtu!"

Dorika alikuwa anachambua karanga. Aliendelea kuchambua. "Nikimwona mtu mwingine," akasema, "nitakuwa nimebaki na nini?"

Mkutano ulijaa uwanja. Hata Mageni alizima karasha lake akaja, na ukimya wa ile mashine ulitisha kuliko filimbi za sungusungu. Bartholomeo alisimama akakohoa kile kikohozi cha madaraka.

"Hatumshtaki mtu. Tunauliza. Huyu mama kafiwa na mume, na mali haijashuka. Kaya zenye waume zimeshuka. Anayefanya kazi kule shambani ni nani?"

Otmar aliomba kusema, akakatazwa, akasema. "Jamani, ameshuka! Kipato chake sasa ni nusu ya kile cha 2014. Yuko katikati kwa sababu na ninyi mmeshuka, wote, mstari mzima. Mkiwa ndani ya duara, sakafu ikididimia na ninyi nyote, si bado kila mtu anaona bega la mwenzake palepale? Nani hapa, mwaka ule, alikuwa ananunua mche mzima wa sabuni kwa Pranlal kule Masumbwe?"

Mikono mingi ikainuka.

"Na sasa?"

Mikono ikabaki hewani kidogo, kisha ikashuka mmoja mmoja. Pranlal siku hizi aliikata sabuni vipande vya ukubwa wa kiberiti, na watu walidhani ni kila mtu na aibu yake. Madimbwi yaliyokuwa maduara, pamba isiyo na bei, ng'ombe waliokufa kiangazi, vyote vilikuwa vimepita mlango kwa mlango, na kila nyumba ilikuwa imefunga mlango wake.

"Kwa hiyo," akasema Bartholomeo taratibu, "unataka kutuambia kijiji kizima ni maskini?"

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Kaa chini."

Makofi yalikuwa makubwa. Umaskini wa wote hauna wa kumfunga kamba. Mchawi mmoja ana shingo. Vijana wa sungusungu wakaanza kusogea, na mmoja wao akamwambia Dorika asimame kwenye chokaa, peke yake, watu waseme. Hapo ndipo sauti ikatoka upande wa kusini.

"Ni mimi."

Alikuwa Bujiku, kofia mkononi.

"Ni mimi ninayepalilia. Tuliahidiana kule chini, mimi na Festo. Udongo ukimchukua mmoja, mwenzake amlimie mkewe. Naenda saa ile mnayoogopa, kwa sababu mnaogopa. Mwanaume akionekana na jembe kwenye shamba la mjane, mnasema amerithi."

"Wewe Bujiku!" Limi alikuwa ameshasimama. "Miaka yote hii unaniaga unakwenda kutega kware! Nikawa naona huna bahati na kware!"

Uwanja ukacheka kicheko kile cha watu waliokuwa wameshika mawe wakagundua ni mayai. Hata wale vijana wa sungusungu wakarudi nyuma. Bartholomeo peke yake hakufurahi, maana alikuwa ameandaa hotuba.

"Ushahidi?"

"Magugu nalaza kushoto, mizizi juu. Festo ndiye aliyenifundisha tukiwa wavulana. Na kuna michembe inawekwa juu ya kichuguu. Karanga zinatwangwa na maganda yake ya ndani, mekundu. Nikimaliza nageuza bakuli."

Watu wakamgeukia Dorika, nyuso zimeshalegea, tayari kumrudisha. Palibaki neno moja tu aseme, asante au hata ee, na moto, chumvi na kaburi lake vingerudi mikononi mwake. Dorika alikuwa anamtazama Bujiku kama mtu anayetazama mlango unaofungwa kutoka ndani.

"Mwongo," akasema.

"Mama Ignas, nakuokoa."

"Mwongo! Mwenyekiti, msimsikilize. Ni Festo. Nimemsalimia kwa mdomo wangu."

"Ulinisalimia mimi, mayu. Nilikuwa nimelala kwenye mahindi. Nilishindwa kuitika."

Mama mmoja akaguna. Dorika akavuka ile nafasi watu waliyomwachia, akaenda mpaka mbele ya Bujiku, na sauti yake ya kwaya ilikuwa imeshuka hata waliokuwa mbali ilibidi waulize wenzao amesema nini.

"Ulikula chakula cha Festo."

"Ningekiacha kingeoza."

"Kingeoza kikiwa chake."

Bujiku akavaa kofia, akaivua tena.

Bartholomeo, ambaye kazi yake ni kuokoa mikutano, akatoa hukumu. Mama Ignas hana neno. Bujiku, kwa kutisha kijiji mchana kweupe, atoe mbuzi. Mbuzi akaletwa palepale, akachinjwa kabla jua halijapinda vizuri, na wale walioogopa kuchota maji kisima kimoja na Dorika wakamwita kwa upendo aje achukue fungu lake. Alilichukua. Akashukuru mmoja mmoja, wabeja sana, wabeja sana, akaenda nalo nyumbani, na mbwa wa jirani ndiye anayejua ladha yake.

Otmar alimfuta Festo usiku uleule. Kishikwambi kikataka tarehe aliyoondoka, akakipa ile ya duara, hakwenda kumuuliza mwenye mume.

Msimu uliofuata Bujiku alikuja asubuhi, njia kuu, pamoja na Limi, ambaye alikuwa ameapa kwamba kware wanaofuata watategwa na wote wawili. Walibisha hodi kwa sauti. Wakaingia shambani na majembe yao, wakaongea, wakakohoa, wakabishana juu ya mbolea. Dorika aliwapikia uji wa karanga, akawaletea kwenye vikombe, akauliza habari za watoto. Bujiku alilaza magugu kulia. Limi aliyatupa popote.

Jua liliposimama wakatoka, wakakaa kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba, wakiligeuzia shamba migongo. Dorika peke yake alikaa ameligeukia. Mahindi yalisimama wima, kila mstari, hakuna lililotikisika.

"Unaangalia nini huko, Mama Ignas?" Limi akauliza, bila kugeuka. "Si vizuri kuangalia saa hizi."

"Naangalia majani."

"Yana nini?"

"Yanaota, kama pale pembeni ya makaburi," akasema Dorika.